Aliyebebwa Kwanza Alikuwa Mume

Gunia la mihogo ndilo lililomwokoa Akimana asipande pikipiki.

Alikuwa amesimama mlangoni asubuhi ile, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo, uchungu ukimjia na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Mumewe, Shibuda, alikuwa ameshawasha pikipiki. Alivaa koti la mvua, akapiga honi hapo uani kana kwamba abiria ni wengi na wengine wanachelewa.

"Panda, mama Iteka."

"Nipande niende wapi? Umeiona njia?"

"Njia ni njia tu. Mimi nilitoka Kahama mpaka hapa Keza na mbuzi wawili na kitanda, nyuma hapo hapo."

"Hao mbuzi walikuwa na mimba?"

Shibuda akazima honi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima bila kupumzika, na njia ya kutoka kwao ilikuwa imegeuka uji. Akimana akamwambia afunge gunia la mihogo pale nyuma, mahali pake, aende nalo mpaka kona ya kanisa. Likirudi zima, naye atapanda bila neno.

"Unanidharau," alisema Shibuda, lakini alilifunga. Alilifunga vizuri kwa mpira, akalipigapiga mgongoni, akaondoka.

Kona ya kanisa hakuiona. Kwenye mteremko wa kwanza pikipiki ilikwenda ubavu, Shibuda akaenda kifudifudi, na gunia, ambalo kwa wakati ule ndilo lililokuwa Akimana, likapasuka katikati, mihogo ikabingirika mpaka mtaroni. Akimana aliitazama akiwa mlangoni. Mmoja ulikuwa umevunjika vipande viwili.

"Yule ni mimi," alisema.

Kama ingekuwa mimba ya kawaida, angejifungulia zahanati, akarudi jioni kupika. Lakini mtoto wao wa kwanza, Iteka, alitolewa kwa upasuaji, na nesi wa zahanati alimwambia mapema kabisa: "Wewe mwenye kovu hujifungulii hapa, dada yangu. Mimi hapa nina mkasi, taa na sala. Kovu likiachia, sala peke yake haitoshi. Nenda hospitali, ukakae kwenye ile nyumba ya kusubiria, siku ikifika uwe mlangoni mwao."

Akimana alifunga kanga zake aende. Shibuda ndiye aliyezifungua. "Ukae huko wiki mbili unahesabu mbu na mimi nina chombo? Siku ikifika nakuwasha, tunafika kabla uchungu haujajua tumeondoka." Sasa siku ilikuwa imefika, na chombo kilikuwa kimelala mtaroni na mihogo.

Simu ikalia. Alikuwa Happyness, dada yake Shibuda, anayekaa Lusahunga barabarani, anakouzia chipsi madereva wa malori.

"Wifi! Vipi, bado hamjaondoka?"

"Bado, wifi. Kaka yako anaogelea."

"Sasa si mpige simu gari la hospitali lije? Mimi nilipiga, likaja. Nakumbuka liliniudhi, nilisubiri mpaka nikamaliza soda nzima."

Akimana alitamani kumwambia kwamba kuna Kagera ya lami na kuna Kagera ya huku, na kwamba simu ndiyo hiyo hiyo ila magari hayana miguu. Lakini uchungu ulimjia, akampa Shibuda simu. Shibuda akapiga ile namba ya dharura. Akapokewa na dereva, mtu mpole, jina lake Ferdinand.

"Mimi nimeshakuja, bwana, nesi wenu wa zahanati alinipigia mapema," alisema Ferdinand. "Niko ng'ambo ya bonde, hapa hapa. Naona mpaka moshi wa nyumba zenu. Daraja ndilo silioni."

"Liko wapi?"

"Nadhani linakaribia maporomoko ya Rusumo. Leteni mama mpaka hapa, mimi nawasubiri. Gari hili lina mambo mengi lakini kuogelea halijafundishwa."

Shibuda akakata simu. Akatazama mlima, akatazama bonde, akatazama mkewe. Kila mtu wa Keza angejua la kufanya, na Akimana alijua kwamba hata Shibuda anajua. Alikuwa anazungukazunguka tu, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nenda kwa mjomba," alimwambia.

"Yule mzee hatanisikiliza."

"Nenda, Shibuda."

Mjomba wake Akimana, mzee Ndayisaba, alikuwa mwenyekiti wa chama cha ingobyi. Ingobyi ni ile machela ya kusukwa, ndefu kama mtumbwi, yenye miti miwili ya kubebea mabegani. Na chama ni wanaume wote wa kilimani ambao mtu akizidiwa hutupa majembe na kwenda kumbeba, leo wangu, kesho wako. Wanaume wote, isipokuwa mmoja. Shibuda alipohamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, akamwoa Akimana na kuombwa aingie chamani, alisimama kwenye kikao, glasi ya pombe ya ndizi mkononi, akasema maneno ambayo kilima kizima kilikuwa kinayakumbuka kwa moyo: "Ndugu zangu, sisi kwetu ng'ombe ndiye anayebebwa, tena kwa lori. Nyinyi mnabebana kama mikungu ya ndizi. Mimi nina pikipiki."

Haikuchukua muda, wakaja. Walikuwa wanane, na ingobyi imetangulizwa mbele. Shibuda alitembea nyuma yao, matope mpaka kwenye nyusi. Akimana alikuwa hajawahi kumwona mume wake akitembea nyuma ya mtu yeyote.

"Shikamoo, mjomba," alisema Akimana.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Unajikazaje?"

"Najikaza."

Shibuda naye akaona ndiyo nafasi. Akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Ndayisaba. Akageuka, akatazama mtaroni. "Pikipiki haijambo?"

Wale wanaume walikohoa wote kwa pamoja, kikohozi cha watu wanaozuia kitu. Jean Paul, fundi cherehani, mfupi kuliko wote na mwenye mdomo mrefu kuliko wote, alienda mpaka kwenye pikipiki, akaishika tairi kama anayepima homa. "Ina baridi, mwenyekiti. Ila inapumua."

"Wazee, mnitanie baadaye," alisema Shibuda. "Mke wangu ana kovu."

"Tunajua ana kovu. Mara ile ya Iteka ni sisi tuliombeba, wewe ulikuwa mnadani Biharamulo," alisema Ndayisaba. "Tutambeba. Hilo halina kikao. Lakini mabega ni manane na huu mlima unayala. Tunakuhitaji na wewe, na wewe hujaingia chamani."

"Naingia sasa hivi. Mnataka nini? Mbuzi? Kreti?"

"Hatutaki kitu chako. Panda."

"Nipande nini?"

"Ingobyi."

Akimana, ambaye alikulia kwenye chama kile na kuisikia kanuni hiyo tangu akiwa mgongoni, aliifumba midomo yake kwa nguvu. Haikuwa uchungu.

"Mwanachama mpya hubebwa kwanza," alieleza mzee, bila haraka, kama anayemwonyesha mtu choo kilipo. "Asiyewahi kulala humo hajui mti unagonga wapi ukikanyaga vibaya. Atambeba mtu kama gunia la mihogo. Na gunia lako tumeliona."

"Mzee! Mke wangu ana uchungu, mimi nibebwe?"

"Mpaka pale mteremko wa bondeni unapoanza tu. Kule juu ni tambarare."

Shibuda akamgeukia mkewe kutafuta wakili. Akimana alikuwa ameshapiga hesabu yake. Uchungu ulikuwa bado mbalimbali, nesi mwenyewe alimwambia kutembea mwanzoni si vibaya, na kuhusu huo mti unaogonga, yeye ndiye atakayelala humo kuanzia mteremkoni mpaka ng'ambo.

"Panda, baba Iteka," alisema. "Upesi. Ukibishana nitazalia hapa."

Basi ndivyo walivyotoka nyumbani. Mbele ilikwenda ingobyi mabegani kwa watu wanne, na ndani yake, magoti yamefika kidevuni, Shibuda, mtu mwenye urefu wa mlango. Nyuma yake Akimana alitembea kwa miguu yake, ameshika tumbo, mjomba wake kando. Kila walipopita mtu alitoka nje. Kwa bibi Evarista, ambaye macho yake yaliona mbali kuliko ya vijana, walilazimika kupunguza mwendo kwa heshima.

"Poleni, wanangu! Huyo baba kaugua nini?"

"Kiburi, bibi," alijibu Jean Paul chini ya mti. "Kimepanda kichwani usiku."

"Mungu wangu. Na huyo mama mwenye mimba anakwenda wapi na hali hiyo?"

"Anamsindikiza mgonjwa."

Bibi Evarista akamtazama Shibuda kwa huruma ya kweli kabisa. "Upone, baba. Una mke mwema."

"Asante, bibi," ilisema sauti kutoka ndani ya ingobyi, sauti ambayo Akimana hakupata kuisikia tena maishani mwake. Kisha ikafuata nyingine kubwa, ikianza kwa Kisukuma: "Ng'wanawane! We mfupi, angalia unakokanyaga, mti unaniingia kwenye mbavu!"

"Umeona?" alisema Ndayisaba. "Ameshaanza kujifunza."

Mteremko ulipoanza, walimshusha. Shibuda alisimama akijishika ubavu. Alivua koti lake la mvua, akalitandika ndani ya ingobyi, akavua na sweta, akalikunja, akaliweka pale pale mti ulipokuwa ukigonga. Halafu akamwinua mkewe, akamlaza. Alifanya hayo yote mwenyewe, na wale wanane walimwacha. Hata Jean Paul alikuwa anatazama mawingu.

Kulala ndani ya ingobyi ni kuiona dunia kwa chini yake. Akimana aliona anga, majani ya migomba, na makwapa ya watu wanne. Alijua sasa nani ameoga. Alijua pia, mapema sana, kwamba kuna tatizo: Shibuda alipowekwa bega moja na Jean Paul, machela iliinama upande kama sahani inayomwagwa, na yeye akaanza kuteleza kuelekea kwa fundi cherehani.

"Nakuja huko, Jean Paul!"

"Usije, dada, mimi nina mke!"

Wakasimama kushauriana, naye angani. Kushushwa hakukuwezekana, maana ingobyi yenye mtu haigusi ardhi mpaka ifike, hilo halibishaniwi. Mzee Ndayisaba akatoa hukumu: kwenye kuteremka, mrefu akae mbele, maana mbele ndiko chini. Kwenye kupanda, mrefu akae nyuma. Na urefu wa Shibuda ulikuwa unahitajika kila mahali, kwa hiyo wenzake walipokuwa wanabadilishana mabega, yeye alihamishwa tu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, hapumziki. Bonde lile lina mteremko, kisha kilima kidogo, kisha mteremko tena. Sijui nani alilipanga hivyo, lakini alikuwa anamfahamu Shibuda.

Wakaanza kuimba ili miguu ishikane. Mmoja alitoa, wengine wakaitikia.

"Mwenye pikipiki yuko wapi?"

"Yuko chini ya mti!"

"Mwenye lori yuko wapi?"

"Yuko chini ya mti!"

"Na mkungu wa ndizi?"

"Uko juu, unatutazama!"

Akimana alicheka. Alikuwa bado anacheka pale uchungu ulipokuja, na huu haukuja kama ile mingine. Ulianzia kwenye lile kovu lenyewe, mstari wa moto, na ulipoondoka moto ulibaki. Alishika ukingo wa ingobyi.

"Mjomba."

Alisema taratibu tu, lakini wimbo ulikatika hapo hapo. Ndayisaba akaja kichwani kwake.

"Kovu," alisema Akimana. "Linauma hata uchungu ukiwa umepoa."

Mzee hakuuliza la pili. Akawaambia wenzake neno moja kwa Kirundi, na Akimana akaona anga limeanza kukimbia. Hakuna aliyetania. Alisikia pumzi zao na matope yakinyonya miguu yao, na akasikia sauti ya Shibuda karibu na miguu yake ikisema kwa kukatakata, "Mimi ndiye niliyezifungua zile kanga. Mimi ndiye. Mimi." Alitaka kumwambia anyamaze apumue vizuri, lakini naye pumzi yake ilikuwa ina kazi.

Bondeni maji yalikuwa mekundu na mapana, na pale lilipokuwa daraja zilibaki nguzo mbili zimesimama kama watu walioachwa na basi. Ng'ambo, gari jeupe, na Ferdinand pembeni yake akipunga mikono yote miwili.

"Piteni juu kidogo! Hapo kuna shimo! Juu kidogo!"

Waliingia wote tisa. Wanne chini ya miti, wengine wakashika pembeni kuzuia maji yasiwasombe. Maji yalipofika kifuani waliinua ingobyi juu ya vichwa, na hapo ndipo ufupi wa Jean Paul ulipokuwa si mchezo tena. Maji yalimfika mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Keza alikuwa na sababu ya kuufunga. Bega lake likatoweka, ingobyi ikaanza kuzama kona moja, Akimana akahisi maji ya baridi mgongoni.

Shibuda alishusha mkono mmoja, akamkamata fundi cherehani kwenye ukosi wa shati, akamwinua kama mtu anayetoa ndoo kisimani, na mkono wa pili ukabaki juu na mti. Wakavuka hivyo, ingobyi mkono huu, Jean Paul mkono ule.

"Niweke chini," alisema Jean Paul walipofika ukingoni.

"Subiri," alisema Shibuda. "Bado hujafika tambarare."

Ferdinand alifungua mlango wa nyuma. Walimwingiza Akimana pamoja na ingobyi yake, na kabla dereva hajaufunga, mzee Ndayisaba alikuwa ameshakaa. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu.

"Wazee, hili ni gari la wagonjwa, siyo lori la mnada!"

"Ingobyi haiachwi njiani," alisema Ndayisaba. "Endesha, kijana. Mwenzetu ana kovu."

Ferdinand alitazama tumbo, akatazama wanaume tisa waliolowa wakibanana mpaka usukani, akaendesha. Walipoingia kwenye lami Akimana aliusikia ule ulaini chini yake na, pamoja na maumivu yote, akashangaa. Kumbe ndivyo wifi anavyozaa! Unalala tu, na barabara inakwenda yenyewe.

Hospitali walimpokea mbio. Alisainishwa, akachomwa sindano ya uti wa mgongo, miguu ikampotea, na nyuma ya pazia la kijani daktari na wenzake wakaanza kazi. Dakika za mwanzo waliongea. Kisha daktari akanyamaza, na wengine nao wakanyamaza, na Akimana akatazama taa, akaona hakuna urefu wala bega wala wimbo unaoweza kuingia humu. Alitaja jina la Iteka kimoyomoyo, tena na tena.

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa na kelele za majirani.

"Wa kike," alisema daktari. Baadaye kidogo, akiwa anashona, aliongeza: "Kovu lilikuwa limeshaanza kuachia, mama. Nani kakuleta?"

"Chama," alisema Akimana.

Jioni, wodini, Happyness alikuwa ameshafika kwa basi dogo kutoka Lusahunga, na chupa ya uji na malalamiko juu ya foleni ya malori. Aliulizia safari. Akimana alianza kumsimulia, lakini alipofika kwenye maji ya kifuani wifi yake aliweka kikombe chini, na hakusema tena habari za soda.

Nesi wa zamu akaingia, mikono kiunoni.

"Msindikizaji ni mmoja kwa kila mama. Nimesema mmoja. Nani msindikizaji wa Akimana?"

Dirisha la wodi lilikuwa wazi. Huko nje, kwenye nyasi, mikono tisa ilinyooshwa, yote ina matope.

"Baba wa mtoto ni yupi kati yenu?"

"Yule mrefu," alisema mzee Ndayisaba, "lakini ni mwanachama wa juzi tu. Sisi ndio wenyeji."

"Ondokeni dirishani, wazee!"

"Tunaondoka, mama. Tumebeba mzigo tangu Keza, tunaomba tu kuona kilichokuwa ndani."

Nesi alijaribu kukunja uso, ukamkatalia. Akamchukua mtoto, akamsogeza dirishani. Walipita mmoja mmoja, kofia mkononi, kama wanaotoa sadaka. Zamu ya Jean Paul ilipofika dirisha lilikuwa juu mno, na Akimana akaona kichwa chake kikipanda polepole kutoka chini, uso umejaa heshima, mikono ya Shibuda ikiwa makwapani mwake.

"Mzuri," alisema Jean Paul. "Kilo ngapi?"

"Tatu na robo," alisema nesi.

Fundi cherehani akapiga hesabu, mtu wa vipimo huyo. Akatazama mtoto, akatazama kitandani, akatazama bega lake lililovimba.

"Tatu na robo? Mwenyekiti, tumeonewa. Sasa ule uzito mwingine wote ulikuwa wa nani?"

Huko nje kikasikika kicheko cha watu wanane, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Shibuda, kiasi kwamba aliyekuwa ameinuliwa alianza kutikisika dirishani kama redio mbovu. Akimana naye kikampata. Alibana mto tumboni kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Shibuda! Waondoe hao watu, nyuzi zitakatika!"

"Ndiyo, mama Iteka," ilijibu sauti kutoka chini ya dirisha, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.